Siku Tuliyomwaga Mvinyo wa Bordo

Siku waliyoniaga pale nyumba ya wageni Shinyanga, vijana wa ukumbini walinipa saa ya ukutani na ombi. Saa nimeitundika. Ombi lao lilikuwa niandike jinsi kazi ya kuhudumia meza ilivyokuwa zamani, kwa maana wao wameikuta bia ya kupangiwa foleni na sahani zisizofanana. Nitaandika. Habari za vyeo na mishahara mtawauliza wengine, wapo wanaozikumbuka vizuri kuliko mimi. Nitawaeleza nilivyoanza, mtu aliyenifundisha, na siku moja ambayo nikiikumbuka hadi leo mikono yangu hufa ganzi.

Mimi ni mtu wa Nyahanga, Kahama. Miaka michache baada ya Uhuru nilikwenda kutafuta kazi kwenye mgodi mmoja wa dhahabu ng'ambo ya Geita, ambao siutaji kwa jina kwa kuwa wenyewe hawapo tena kujitetea. Nilitaka kazi ya shimoni. Mwandikishaji alinitazama kifua, akatikisa kichwa, akanipeleka klabu ya mabwana.

Huko nilimkuta Mzee Ramadhani, mkuu wa wahudumu, mtu wa mjini mwenye asili ya Ujiji, kanzu nyeupe na tarabushi isiyopinda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanikabidhi sinia la glasi zilizojaa maji mpaka ukingoni, akaniamuru nizunguke jengo. Nilizunguka siku nzima. Kila tone lililomwagika lilinirudisha mwanzo. Jioni aliniambia kwamba mgeni mwenye kiu husamehe mambo mengi lakini hasamehi kulowanishwa.

Mzee Ramadhani alikuwa hajawahi kuonja pombe ya aina yoyote. Akimaliza kazi alinawa hadi viwikoni, akaenda kuswali. Nilipozoeana naye nilimuuliza roho yake inapataje raha kushika chupa kutwa. Akasema mwosha maiti si maiti. Nikamjibu kwamba wahenga walisema mwosha huoshwa. Hakucheka, ila kesho yake alinipa funguo za kabati la glasi, nami nikajua nimekubalika.

Aliyeleta mvinyo pale alikuwa mpima miamba wa mgodi, Mfaransa mmoja mwenye miguu mirefu na kofia iliyotoboka. Jina lake lilitushinda kulitamka, tukamwita Bwana Kokoto, kwa kuwa hakupita penye kokoto bila kuinama. Kwao ni nchi ya Bordo, na baba yake alilima mizabibu huko. Jumapili moja mchana, ukumbi ukiwa mtupu, alimwaga unga wa ngano mezani akatuchorea kwao kwa kidole. Mito miwili hushuka na kukutana, ikawa mto mmoja mpana unaokwenda baharini. Upande huu wa maji ardhi ni kokoto tupu, zinazoshika joto la jua mchana na kulirudisha usiku. Hapo hukaa zabibu iitwayo Kaberne, ngumu, yenye kuchelewa kuiva, inayokaza ulimi. Upande wa pili ni udongo mzito wenye ubaridi, na hapo hukaa Merlo, laini, inayowahi. Kisha ziko nyingine za kutia kidogo kidogo, za rangi na harufu, kama mpishi atiavyo bizari. Mvinyo mwekundu wa Bordo, alisema, ni mchanganyiko. Mvua ikiharibu maua ya Merlo, Kaberne huokoa mwaka. Baridi ikiiwahi Kaberne kabla haijaiva, Merlo huwa imeshavunwa. Na kila mwaka baba yake huonja mapipa yote, akaamua ipi izidi na ipi ipungue.

Nilimwambia kwetu Nyahanga mama yangu huchanganya mtama, mahindi na karanga katika shamba moja kwa sababu hiyo hiyo, ila hajawahi kubandika picha ya nyumba yake juu ya gunia, kama wao wanavyoibandika kwenye chupa. Bwana Kokoto alicheka mpaka unga ukapeperuka, na nchi yake ikatoweka mezani.

Kwa watu hao wawili nilijifunza mambo ambayo yatawafaa siku mvinyo mzuri ukirudi nchini. Chupa ilazwe, ili kizibo kisikauke. Isimamishwe siku moja kabla ya kunywewa, ili mashapo yatue. Kizibuo kiingie katikati, polepole, bila kutoboa upande wa pili. Mimina shingo ya chupa ikiwa mbele ya mshumaa, ukiona wingu linakuja, acha. Na mkiambiwa mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba, kumbukeni kwamba aliyesema hivyo chumba chake kilikuwa nchi ya baridi. Sisi tuliufunga gunia bichi na kuuweka upenuni.

Ghala la mvinyo lilikuwa pango. Zamani wachimbaji walitoboa mlima nyuma ya klabu wakitafuta dhahabu, wakakosa, na shimo likabaki na ubaridi wake. Bwana Kokoto aliliwekea rafu na mlango wa mbao. Jambo ambalo hatukulifikiria, mimi wala Mzee Ramadhani, ni namna pango lile lilivyoonekana kwa watu wa nje. Vibarua walibeba masanduku yasiyotakiwa kutikiswa, wakayaingiza gizani, mlango ukafungwa. Wanawake waliofua nguo zetu waliona madoa mekundu kwenye kanzu. Na zama zile kila mtu alikuwa amesikia habari za mumiani, watu wanaosemekana kuwakamata wapita njia na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Mimi mwenyewe nilitishwa nayo utotoni. Nilipoanza kuvaa kanzu ya klabu nikaisahau.

Mgodi ulipotangazwa kufungwa, mambo yalikwenda haraka. Mashine ziling'olewa, ngazi za mashimo ya zamani zikatolewa, watu wakalipwa na kuondoka na magodoro kichwani. Katika siku hizo mzee mmoja alikuwa akija kila asubuhi getini, akikaa chini pembeni ya barabara na fimbo yake mapajani. Alikuwa Baba Masanja, mkulima wa bonde la chini ya mgodi. Mwanawe Masanja, aliyekuwa mchimbaji, hakurudi nyumbani. Askari wa geti walimwambia kijana wake amelipwa na kwenda zake, kama wengine. Mzee alijibu kwamba Masanja hawezi kuondoka bila kumuaga mama yake. Wakamwambia vijana wa siku hizi wanaweza. Nilipita mbele yake mara kadhaa, nikamwamkia kwa Kisukuma, naye akaniitikia vizuri. Kisha nikaenda zangu kazini.

Asubuhi moja meneja alituita. Mvinyo uliobaki usingeweza kuhamishwa kwa sababu ya mambo ya ushuru, na hakutaka uachwe, kwani aliogopa vibarua wakiupata wangelewa na kufanya fujo. Akaamuru umwagwe wote kwenye mfereji wa nyuma ya jiko, na ili tusichelewe tuvunje shingo za chupa. Mzee Ramadhani alimwambia kwa heshima kwamba yeye havunji chupa. Meneja akasema afanye apendavyo mradi ziishe.

Basi tukaanza. Mzee Ramadhani alikaa kwenye kiti, akazibua kila chupa kama vile kuna mgeni anasubiri, akaifuta mdomo kwa kitambaa, akanipa. Mimi nikamimina. Bwana Kokoto alikuja akasimama karibu yetu, akawa anasoma maandishi ya kila chupa kwa sauti ndogo, jina la shamba na mwaka, mpaka ikamshinda akaenda ofisini kwake. Ilikuwa kiangazi, ardhi imekauka kama kigae, kwa hiyo mfereji haukunywa kitu. Mvinyo ulikwenda wote, na povu lake, ukageuka nyuma ya uzio na kutelemka. Sikujiuliza unakwenda wapi.

Ulikwenda kwenye lambo la bondeni, ambako wanawake walichota maji na ng'ombe walikunywa.

Kwanza tulisikia mwano. Asiyekaa Usukumani labda haujui. Ni ukelele wa hatari, anaupiga mmoja, wa pili anaupokea, ukavuka vilima, na kila mwanamume anayeusikia hutupa jembe na kushika silaha bila kuuliza. Niliusikia ukitoka bondeni, kisha kushoto, kisha kulia, ukaja juu. Nikawa najiuliza ni wezi wa ng'ombe au ni simba. Nilikuwa bado nimeshika chupa mkononi walipotokea kwenye uzio.

Walikuwa wengi, na mikuki, pinde, mapanga na marungu. Waya wa uzio walioukuta mbele yao waliukanyaga. Waliofika kwanza walisimama ghafla, na waliokuwa nyuma wakawagonga. Nilishangaa wananitazama mimi. Ndipo nilipojitazama na mimi. Kanzu yangu nyeupe ilikuwa nyekundu kuanzia kifuani hadi magotini. Mikono yangu ilikuwa myekundu hadi viwikoni, na inachuruzika. Nyuma yangu mlango wa pango ulikuwa wazi, na ndani mlionekana safu juu ya safu za chupa nyeusi zimelazwa. Nimekwisha kuona moto, nimekwisha kuona mtu akipigwa na radi pale Kahama sokoni. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyojiogopa mwenyewe dakika ile.

Dirisha la ofisi ya meneja lilifungwa. Tulisikia komeo.

Baba Masanja alipita katikati ya watu akaja mbele yangu. Aliniuliza kwa Kisukuma mimi ni mwana wa nani. Nikamtajia baba yangu na kwetu.

"Watu wa Nyahanga wanajua kazi unayofanya huku?" akauliza.

Yeye aliziangalia chupa zilizosimama kando ya kiti cha Mzee Ramadhani, zile ambazo zilikuwa zimezibuliwa zikingoja. Akazipitia moja moja kwa macho, kama mtu anayetafuta ng'ombe wake katika zizi la jirani.

"Mwanangu yuko katika ipi?"

Nimeandika maneno hayo nikalazimika kuinuka kwenye meza. Hakuyasema kwa hasira. Aliuliza kwa upole, kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo wake na hataki kugombana.

Nikasema ni pombe, ni pombe ya matunda, na nikainua chupa ninywe waone. Mtu mmoja mwenye mkuki akasema kwamba hilo si ajabu, mbwa wa mchinjaji huzoea damu. Wengine wakaanza kusogea. Mzee Ramadhani akainuka kwenye kiti. Alichukua chupa, akaishika kwa mikono miwili kama tunavyomkabidhi mkubwa kitu, akamsogelea Baba Masanja na kumwomba ainuse tu. Mkono wa mtu ukaisukuma, chupa ikaanguka juu ya jiwe ikavunjika, na mkuki ukawekwa kwenye kifua cha kanzu yake. Mzee Ramadhani hakurudi nyuma. Alianza kusoma shahada taratibu.

Ndipo Baba Masanja alipopiga magoti kando ya mfereji. Aliweka fimbo chini. Akachota ule wekundu kwa viganja viwili, akauinua, akanywa wote.

Wanawake waliokuwa wamefika nyuma walipiga yowe, mayo, mayo, wakimwita mama kwa Kisukuma. Yeye alibaki amepiga magoti, amefumba macho. Nilimwona koo likipanda na kushuka. Akafumbua macho, na usoni mwake nikaona mshangao mkubwa kuliko wetu sote. Akachota tena, kidogo, akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Chachu," akasema. Kisha akawageukia watu wake. "Si damu. Ni pombe. Tena pombe mbaya."

Mtu mmoja alicheka, na mwingine akakaa chini palepale na mkuki wake. Yule aliyemwekea Mzee Ramadhani mkuki kifuani aliuondoa, akaifuta ile sehemu ya kanzu kwa kiganja kana kwamba kuna vumbi. Mambo yangeishia hapo. Lakini Baba Masanja aliinuka akauliza, safari hii kwa sauti ya watu wote kusikia:

"Basi mwanangu yuko wapi?"

Hakuna aliyetoka. Waliketi wote, kuanzia jikoni hadi kwenye bustani ya meneja, wakasema wataondoka na Masanja au na habari zake. Bwana Kokoto alikuja kutoka ofisini, akaninong'oneza niwatafsirie. Aliuliza nani alimwona kijana mara ya mwisho. Mwishowe mchimbaji mmoja aliyekuwa miongoni mwao alisimama. Alisema walikuwa wawili. Baada ya kulipwa walirudi kwenye tundu la zamani upande wa mashariki, wakapate mawe ya mwisho kwa ajili yao wenyewe. Yeye aliingiwa na hofu akabaki juu, kisha akakimbia alipoona wafanyakazi wanakuja. Hao walikuwa wale wa kutoa ngazi. Kesho yake alipokwenda kuchungulia, ngazi hazikuwepo, na aliogopa kusema kwa kuwa kuingia mle kulikuwa wizi.

Bwana Kokoto aligeuka mweupe zaidi ya alivyokuwa. Alinieleza baadaye kwa nini. Tundu lile lilikuwa limepangwa kufungwa kwa baruti adhuhuri hiyo hiyo. Matundu ya kutilia baruti yalikuwa yameshatobolewa, na mtu wa baruti alikuwa ametangulia na kasha lake.

Tulikimbia wote, wenye mikuki, wapishi na Mfaransa. Mtu wa baruti, alipotuona tunapanda kilima, aliacha kasha akatoroka, na simlaumu. Bwana Kokoto alilala kifudifudi kwenye mdomo wa tundu, akagonga bomba la chuma lililoshuka ndani. Akasikiliza. Akagonga tena. Kutoka chini, mbali sana, kitu kikagonga.

Alishuka mwenyewe kwa kamba pamoja na yule mchimbaji. Walimpandisha Masanja amefungwa kwenye mlango wa ghala letu, ambao watu waliukimbilia na kuung'oa kwa sababu hapakuwa na machela. Mguu ulikuwa umevunjika, midomo imepasuka. Alikuwa ameishi kwa kulamba maji ya mwamba. Mwanga ulimwumiza, akaficha uso kwenye kanzu yangu. Kisha akainusa, akaniuliza kwa sauti ya kukwaruza kuna sherehe gani.

Siku iliyofuata meneja alituma neno kwamba chupa zilizobaki zimaliziwe. Mzee Ramadhani alimpelekea funguo za mlango ambao haukuwepo tena, akaniaga, akarudi kwao. Nilipata habari za kifo chake miaka mingi baadaye, nikafunga siku moja kwa ajili yake ingawa mimi si Mwislamu. Chupa zilichukuliwa na mapadri kwa Landrova. Hawakuuliza maswali.

Mimi nilipata kazi Shinyanga, na huko ndiko mlikonikuta. Nimehudumia wakubwa wa chama, wataalamu wa pamba, wanunuzi wa almasi na watu ambao hawakusema kazi yao. Bordo ilikoma kufika. Tukawa tunamimina mvinyo wa Dodoma, ambao una makali yake lakini ni wa kwetu. Siku za kwanza nilikuwa namwachia mwenzangu azibue ule mwekundu. Nilisema mkono unaniuma, na nilikuwa nasema kweli.

Ile habari ilienea ukanda mzima. Nimeisikia ikisimuliwa hadi Buseresere, na kila anayeisimulia humsifu Baba Masanja kwa akili: watu wote wamepandwa na wazimu, yeye peke yake akakumbuka kuonja ili apate hakika. Nami nilikuwa naisimulia hivyo hivyo.

Kisha akaja Shinyanga kutibiwa macho. Alifika mlango wa jikoni akaniulizia kwa jina. Nilimkaribisha ukumbini, mahali pa wageni, ilikuwa saa ambayo hapana mtu. Alinipa habari: Masanja anachechemea lakini analima, ana watoto, mkubwa amepewa jina la babu. Tukanywa chai. Halafu akaniuliza kama kile kitu bado kipo. Nikamletea glasi ya Dodoma. Akaonja, akafikiri.

"Si yenyewe," akasema.

Nilimwambia kweli, ile ilikuwa ya Bordo. Nikamsifu, kama watu wote wanavyomsifu, kwa alivyofikiri haraka siku ile akaonja ili ajue. Aliizungusha glasi polepole kwenye kitambaa cha meza. Akaniomba nisije kumwambia Masanja, nami sikumwambia. Sasa wote wawili wametangulia, ndiyo maana nimeandika.

"Sikuonja ili nijue," alisema. "Nilishajua ni yeye. Sikutaka anywewe na ng'ombe."